Namna ya Kuchambua Kisa cha Biashara na Kutoa Mapendekezo Yanayotekelezeka: Mfano wa Kikundi cha Sabuni ya Mwani

Mtu akikuletea tatizo la biashara yake, mara nyingi jibu keshalitia ndani. "Tunataka mkopo wa mashine." "Tunataka kufungua tawi Chake Chake, Pemba." "Tunataka kijana wa kututangazia mtandaoni." Kazi ya mchambuzi huanza kwa kuliweka jibu hilo pembeni kwa heshima, kisha kutafuta kilichomfanya mwenye mali alifikirie. Wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, hupewa visa vya aina hii darasani, maofisa wa uwezeshaji hukutana navyo vijijini, na aliyesoma katika ukoo huitwa barazani duka la mjomba linapoanza kuyumba. Njia ni moja kwa wote.

Kufundisha biashara kwa visa kulishika mizizi katika Harvard Business School, Marekani, miaka ya 1920. Mwanafunzi hupewa hali ya biashara ilivyo, pamoja na utata wake wote, kisha hutakiwa aamue kama vile mali ni yake. Ukieleza kila kitu vizuri ukaishia "inategemea", kisa bado hujakimaliza.

Nitatumia kisa kimoja mwanzo hadi mwisho. Nimekitunga kwa ajili ya somo na hesabu zake ni za mfano, lakini anayeijua pwani yetu ataitambua hali yake.

Kisa chenyewe

Akina mama 12 katika kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja wanatengeneza sabuni ya mwani kwa mafuta ya nazi, soda ya sabuni, unga wa mwani na mafuta ya karafuu. Kwa mwezi hutoa vipande 900. Vipande 200 huuzwa kwenye banda lao kwa wageni, kila kimoja shilingi 5,000. Vipande 700 huenda kwa wateja tisa, mahoteli na maduka ya zawadi ya Mji Mkongwe, kwa shilingi 3,500, mali kauli: wapeleke sasa, walipwe ikishauzwa. Mwenyekiti anasema: "Soko lipo, tunaombwa kila siku, lakini pesa hatuioni. Tukikopa milioni 10 tukanunua mashine, tutazalisha mara mbili na tutatoka." Je, wakope?

Hatua ya kwanza: soma mara mbili, na ujue unamjibu nani

Mara ya kwanza soma bila kalamu. Unataka kuijua hadithi tu: nani, wapi, tangu lini, kimebadilika nini. Mara ya pili shika kalamu, piga mstari chini ya kila tarakimu na kila kauli ya mtu.

Kisha jiulize, jibu hili anasubiri nani? Kikundi kikiuliza, kinataka kujua kifanye nini. Benki ikiuliza, inataka kujua kama pesa yake itarudi. Mwalimu anataka kuona ulivyofikiri. Kisa ni kilekile, ripoti ni tatu tofauti. Hapa anayeuliza ni kikundi, na swali nitaliandika kwa sentensi moja juu ya karatasi: *Kwa nini sabuni inauzika na pesa haionekani, na kikundi kifanye nini ndani ya miezi sita ijayo?* Mkopo haumo katika swali hilo, nimeuacha makusudi. Mkopo ni mmoja katika majibu, na zamu yake itafika.

Hatua ya pili: tenga lililothibitika, linalosemwa na lisilosemwa

Chora safu tatu. Ya kwanza ina yaliyomo kwenye daftari au risiti: vipande 900, bei, idadi ya wateja. Ya pili ina maneno ya watu: "soko lipo", "tunaombwa kila siku". Maneno haya yanaweza kuwa kweli, lakini bado ni maneno. Ya tatu ina yale ambayo kisa hakikuyataja kabisa, na safu hii ndiyo yenye faida kuliko zote. Hotelini wanalipa baada ya muda gani? Sabuni ngapi zinarudishwa? Kipande kimoja kinagharimu shilingi ngapi hadi kifungwe karatasi?

Kama kisa ni cha darasani na huwezi kwenda kuuliza, andika makisio yako wazi na useme ni makisio. Kama ni cha kweli, nenda. Omba kuona daftari. Wahenga walikwisha sema mali bila daftari hupotea bila habari, na vikundi vyetu vingi daftari vinalo; kinachokosekana ni mtu wa kulisoma kwa ujumla wake. Katika daftari la kikundi hiki, lile la miraba la shule, kila ukurasa una jina la mteja juu, chini yake tarehe na idadi: "40 zimekwenda. 40 zimekwenda. 30 zimekwenda, 12 zimerudi." Upande wa kulia, palipokusudiwa pesa, pameandikwa "bado", "bado", "nusu", "bado". Hilo neno lihesabu. Ukilihesabu ukurasa kwa ukurasa utakuta wateja watatu, wanaochukua vipande 250 kwa mwezi, hulipa ndani ya mwezi. Sita waliobaki, wanaochukua 450, hukawia karibu miezi mitatu, na ndio hao wanaorudisha kiasi cha vipande 100 kila mwezi, vimelowa au vimechubuka lebo.

Hatua ya tatu: ifuate shilingi

Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo ninapokuomba ukae.

Anza na gharama ya kipande kimoja. Kwa kikundi hiki: mafuta ya nazi 1,100, soda 150, mwani na mafuta ya karafuu 250, karatasi na lebo 400. Jumla 1,900. Kwa vipande 900 ni 1,710,000. Ongeza kodi ya banda na usafiri wa mjini, 270,000. Kwa mwezi wanatoa 1,980,000.

Mapato ya kwenye karatasi: 200 kwa 5,000 ni 1,000,000, na 700 kwa 3,500 ni 2,450,000. Jumla 3,450,000. Ukitoa gharama inabaki 1,470,000, yaani 122,500 kwa kila mama. Hesabu hii ndiyo waliyonayo kichwani, na ndiyo inayowafanya waamini kuwa wakizidisha sabuni watazidisha pesa.

Sasa ondoa zile 100 zinazorudi. Mauzo ya mali kauli yanashuka hadi 2,100,000 na faida hadi 1,120,000, kama 93,000 kwa mtu. Biashara bado ina faida. Basi pesa iko wapi?

Iko njiani. Sabuni ya aina hii, isiyopikwa, hukaa kwenye vichanja wiki nne hadi sita ikomae kabla ya kutumika. Chukua wiki tano. Wakati wowote ukiingia chumba chao utakuta vipande kama 1,000 vimepangwa kwenye mbao vikisubiri. Karatasi hazijafungwa bado, kwa hiyo vihesabu kwa 1,500 kila kimoja: ni shilingi 1,500,000 zimelala pale. Wiki moja ya kufunga na kupeleka mjini. Baada ya hapo mahoteli na maduka: mapato ya 2,100,000 kwa mwezi, yakichelewa miezi miwili kwa wastani, ni 4,200,000 mikononi mwa watu wengine. Jumla 5,700,000. Zaidi ya nusu ya mkopo wanaouomba tayari ni mali yao, ila imekwama.

Tangu kununua mafuta ya nazi hadi kushika pesa ya hotelini ni wiki 15. Muda wote huo mafuta yananunuliwa taslimu. Mapato ya banda ni milioni moja, matumizi ya mwezi yanakaribia mbili. Pengo hilo linazibwa na madeni yanayolipwa kwa kudonoadonoa, na mwezi mteja mmoja mkubwa asipolipa, kazi inasimama.

Kabla hujaendelea, lipime jibu la mwenyekiti kwa hesabu hizihizi. Mashine ikifika watoe vipande 1,800. Banda halitauza zaidi, kwani wageni wanaopita kijijini ni walewale. Kwa hiyo 1,600 zitakwenda mali kauli. Zikirudi kwa kiwango kilekile, moja katika saba, madai ya kila mwezi yatakuwa 4,800,000, na kwa miezi miwili 9,600,000 zitakuwa nje, huku marejesho ya mkopo yanadaiwa kila mwezi. Mashine itakifikisha kikundi haraka zaidi pale kinapopaogopa.

Hatua ya nne: uliza "kwa nini" hadi ufike pa kushika

Kampuni ya Toyota, na hasa mhandisi wake Taiichi Ohno, iliupa umaarufu mtindo wa kuuliza "kwa nini" mara tano. Idadi isikutie wasiwasi, wakati mwingine tatu zinatosha. Kwa nini pesa haionekani? Kwa sababu iko kwa wateja. Kwa nini wateja sita hawalipi kwa wakati? Kwa sababu hakuna tarehe waliyokubaliana. Kwa nini hakuna tarehe? Kwa sababu kikundi kilianza kwa kubembeleza kuwekwa rafuni, kikaona kudai ni kuharibu uhusiano. Hapo umefika mahali ambapo mkono wa binadamu unaweza kubadilisha kitu.

Ukifika kwenye jibu kama "uchumi wa dunia" au "serikali", umepita. Rudi hatua moja nyuma.

Hatua ya tano: toka nje ya biashara uitazame kalenda, sheria na soko

Mabuku yatakupa jedwali la nguvu, udhaifu, fursa na tishio, na mchoro wa nguvu tano za ushindani alioutoa Michael Porter mwaka 1979. Vitumie, lakini kama orodha ya kukukumbusha usichokitazama. Nimesoma ripoti nyingi ambazo jedwali limejaa vizuri na uamuzi haumo. Zanzibar mimi hutazama kwanza kalenda, na tunazo mbili.

Ya kwanza ni ya watalii. Hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba na tena Disemba hadi Februari. Masika ya Aprili na Mei baadhi ya mahoteli hufunga kabisa. Unganisha hilo na zile wiki tano za vichanja: sabuni iliyomiminwa kwenye vibati wiki ya kwanza ya Machi inatoka wiki ya pili ya Aprili, wakati wanunuzi wamefunga milango. Kwa hiyo uamuzi wa kupunguza kazi ya masika hufanywa katikati ya Februari, wageni wakiwa bado wamejaa na kila mtu ana moyo wa kuongeza. Juu ya hayo, unyevu wa masika huifanya sabuni ya mafuta itoe jasho na kuharibu karatasi yake.

Ya pili ni ya mwezi mwandamo. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na Disemba. Ukilinganisha mauzo ya Machi ya mwaka huu na Machi ya miaka mitatu nyuma bila kuangalia Ramadhani iliangukia wapi, utaona kupanda au kushuka ambako hakupo. Kalenda hii inafungua na mlango. Harusi zetu husongamana Shaabani kabla ya mfungo, kisha huanza upya kuanzia Mfungo Mosi, na biharusi hasingwi kwa maneno. Singo la kusugua mwili na sabuni ya karafuu kwa biharusi ni soko la wenyeji, linalolipa taslimu, lisilosubiri ndege.

Sheria nayo. Pendekezo linalovunja sheria ni kasoro hata likiwa na hesabu nzuri. Ukichambua kisa cha mkulima wa karafuu wa Pemba, huwezi kumwambia atafute mnunuzi wake mwenyewe nje ya nchi: karafuu hununuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuziuza kwa njia nyingine ni magendo. Kwa akina mama wetu, bidhaa ya kupaka mwilini inahusu Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, na viwango vinahusu Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS. Singo la kuuza dukani lina gharama ya kibali, iingize kwenye hesabu.

Kuhusu soko, uliza kikundi kinatoka wapi. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza pwani hii mwaka 1989. Cottonii, aina yenye bei nzuri, haistahimili maji yanapopata joto, na wakulima wengi wakabaki na spinosum ambayo bei yake ni ndogo. Sabuni ilikuja kama njia ya kuongeza thamani ya kilo ileile ya mwani. Ukilijua hilo hutapendekeza waache sabuni warudi kuuza mwani mkavu.

Hatua ya sita: weka machaguo, likiwemo la kutofanya kitu

Machaguo matatu au manne yanatosha. Moja lisiwe la kujazia; kila moja liwe ambalo mtu mwenye akili timamu angeweza kulichagua. Kwa kisa hiki: wakope wanunue mashine, wabadilishe masharti ya malipo, wageukie soko la wenyeji, waendelee kama walivyo.

Yapime kwa vigezo ulivyochagua kabla ya kuyapima. Mimi ningechagua vinne: pesa inarudi lini, inahitaji mtaji gani, akina mama wanaweza wenyewe au watahitaji mtu, na likishindikana hasara ni kiasi gani. Ongeza na kile ambacho watu wa mahali husika hawawezi kukikubali. Mkopo wa riba, kwa wanachama wengi hapa, ni mlango uliofungwa tangu mwanzo. Kama kukopa kungekuwa na maana, ungeangalia huduma za kibenki za Kiislamu, kama zilizoko PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, na hesabu yake ungeifanya kwa masharti hayo.

Lipime kwa ukali zaidi chaguo unalolipenda. Tuseme wateja sita wazito wanaambiwa: kuanzia sasa ni taslimu, na bei inashuka hadi 3,200. Hofu ya kikundi ni kuwapoteza. Basi chukulia nusu ya vipande 450 wanavyochukua inapotea, na vilivyolipiwa taslimu havirudishwi. Zinabaki 225 kwa 3,200, sawa na 720,000. Wateja watatu wazuri, 250 kwa 3,500, ni 875,000. Banda, 1,000,000. Jumla 2,595,000. Wanatengeneza vipande 675 tu, gharama 1,282,500, na ukiongeza ile 270,000 matumizi ni 1,552,500. Faida 1,042,500. Imepungua kwa 77,500 kutoka ile faida halisi ya 1,120,000, chini ya shilingi 6,500 kwa kila mama, na pesa inashikwa ndani ya mwezi baada ya kuipeleka sabuni. Kazi nayo imepungua kwa robo. Hofu ikishavishwa tarakimu, mazungumzo hubadilika.

Hatua ya saba: pendekeza kwa namna ambayo mtu anaweza kuanza kesho

"Kikundi kiboreshe usimamizi wa fedha" ni maneno yasiyo na mwenyewe. Pendekezo lililokamilika lina mtu, tarehe, kiasi na dalili ya kuonesha kuwa linashindwa. Kwa kisa hiki ningeandika hivi:

Wasichukue mkopo wa mashine sasa. Suala hilo lifunguliwe tena miezi sita ikipita, madai yakiwa chini ya 1,000,000.

Mshika fedha na mjumbe mmoja wawatembelee wateja sita ndani ya wiki mbili, na daftari mkononi, wakubaliane tarehe za kulipa deni la zamani kwa mafungu matatu. Hati isainiwe na pande mbili. Sabuni mpya kwao ni taslimu kwa 3,200.

Wateja watatu wazuri waendelee na mali kauli ya siku 30, kila mmoja kwa kiwango kisichozidi anachouza kwa mwezi. Aliyepitisha siku 45 hapelekewi.

Kuanzia katikati ya Februari uzalishaji ushuke hadi nusu. Muda unaopatikana utumike kujaribu sabuni ya biharusi kwa kundi dogo la vipande 60, kuuzwa kwa oda pekee.

Dalili ya hatari: kama mwezi wa pili wateja wanne kati ya sita wamekataa, au akiba ya taslimu imeshuka chini ya 500,000, kikundi kikutane wiki hiyohiyo kupanga upya.

Kuandika na kusema

Ripoti ianze na jibu. Ukurasa wa kwanza uwe na swali, pendekezo na sababu kuu mbili. Hesabu zifuate, historia ya kikundi iwe fupi. Mwenye mali hataki kusafiri kurasa kumi ndipo ajue akope au asikope. Kila tarakimu ya makisio iandikwe kuwa ni makisio.

Mbele ya akina mama wenyewe usisome ripoti. Salimia, kaa mkekani, anza na yale wanayoyafanya vizuri, maana yapo: sabuni inapendwa na banda linauza taslimu. Kisha mwachie mshika fedha asome daftari lake kwa sauti, mteja mmoja mmoja, na mwingine ajumlishe kwenye karatasi kubwa. Wakifika 4,200,000 kwa hesabu yao wenyewe hutahitaji kushawishi. Mwenyekiti aliyetaka mashine asionekane ameshindwa mbele ya wenzake. Mpe pendekezo faraghani siku moja kabla, umsikilize, na kama ana habari usiyokuwa nayo, badilisha hesabu.

Rudi baada ya miezi mitatu na uombe vitu vitatu tu: jumla ya "bado" zilizomo daftarini, akiba ya taslimu mwisho wa kila mwezi, na idadi ya vipande vilivyorudi. Kama "bado" zimepungua na vinavyorudi havijapungua, kagua karatasi ya kufungia na mahali sabuni inapowekwa dukani. Kama akiba imeshuka huku madai yakishuka, muulize mshika fedha mafuta ya nazi yamepanda bei kiasi gani tangu mlipoonana, kisha ifanye upya ile hesabu ya 1,900.